Laini Mbili, Mkongo Mmoja

Kifurushi cha intaneti huuzwa kwa GB na kwa saa. Menyu itakuambia unapata kiasi gani, kwa siku ngapi na kwa shilingi ngapi. Haitakuambia GB hizo zinapita wapi. Siku nyingi za mwaka hilo si neno: huku kwetu Lushoto, anayepakia karoti Lukozi na anayepokea wageni wa Kizungu barabara ya Irente wote wanapata walicholipia, wananung'unika kidogo kuhusu spidi ya jioni, maisha yanaendelea. Ila zipo siku ambazo njia ndiyo bidhaa yenyewe, na ukianza kuitafuta siku hiyo umeshachelewa.

Jumapili ya Mei 12, 2024 ilikuwa siku ya namna hiyo. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kwa pamoja upande wa kusini. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, aliutangazia umma kuwa hitilafu ilikuwa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. NetBlocks, shirika linalofuatilia hali ya intaneti duniani, liliziweka Tanzania na kisiwa cha Mayotte kwenye kundi la walioumia zaidi, Msumbiji na Malawi zikafuata, kisha Uganda, Rwanda, Burundi, Somalia, Komoro na Madagaska zikaguswa kwa kiasi kidogo zaidi. Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani ulisitisha huduma kwa umma kwa siku 2 kwa sababu ya mtandao. Kenya nayo ilipungukiwa, lakini watu wengi waliendelea na kazi.

Swali la mteja liko hapo. Kama mikongo iliyokatika inahudumia pwani nzima, mbona Mkenya alilalamika kuhusu spidi wakati Mtanzania alikuwa anatazama kiduara kikizunguka tu?

Jibu ni hesabu ya njia. Mombasa inatua mikongo mingi: TEAMS iliyoanza 2009, SEACOM ya mwaka huo huo, EASSy ya 2010, LION2 ya 2012, kisha DARE1, PEACE na 2Africa za miaka ya karibuni. TEAMS inatoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, kwa hiyo haigusi Afrika Kusini wala Bahari ya Shamu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilisema wazi kuwa TEAMS ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo siku zile. Tanzania, kwa upande wake, ilikuwa imeuegemeza mzigo wake mkubwa kwenye hiyo hiyo mikongo miwili iliyokatika. Wakubwa mtakumbuka Julai 2009, Rais Kikwete alipozindua SEACOM Dar es Salaam; ilikuwa furaha ya kweli, maana kabla ya hapo tulikuwa tukinunua intaneti ya setilaiti kwa bei ya dola elfu kadhaa kwa megabiti moja kwa mwezi. Mwaka uliofuata ikaja EASSy, ambayo kampuni za simu za TTCL na Zantel zilikuwa miongoni mwa wenye hisa. Miwili ikatosha. Ikatosha kwa miaka mingi, mpaka ikazoeleka kwamba miwili ni mingi.

Halafu kuna Bahari ya Shamu. Februari 2024 meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilishambuliwa na Wahouthi wa Yemen, ikaachwa ikielea huku nanga yake ikiburuzwa chini, na mikongo mitatu ikakatwa huko, SEACOM ikiwa mmojawapo. Kwa hiyo njia ya kaskazini ilikuwa imeshaziba miezi mitatu kabla. Mizigo ikageuzwa kwenda kusini, Afrika Kusini, kisha kuzunguka bara zima hadi Ulaya. Njia ya kusini nayo ilipokatika Mei, hapakuwa na upande wa tatu. Watu wengi walilaumu kampuni za simu kwa tukio la siku moja, kumbe nusu ya tukio lilikuwa limetokea Februari na hakuna mteja aliyeambiwa kwamba sasa anatembelea mguu mmoja.

Majirani nao wamewahi kuonja. Februari 2012, meli iliyosubiri kuingia bandari ya Mombasa ilishusha nanga mahali pasiporuhusiwa ikaukata TEAMS, wakati mikongo ya Bahari ya Shamu nayo ilikuwa mibovu. Somalia ndiyo iliyolipa bei ghali kuliko wote: Juni 2017 nanga ya meli ya makontena iliikata EASSy karibu na Mogadishu, na kwa kuwa kusini mwa nchi kulitegemea mkongo huo mmoja, watu wakakaa bila intaneti ya maana kwa wiki 3 hivi. Serikali yao ilikadiria hasara ya dola milioni 10 kwa siku. Uganda na Rwanda hazina bahari kabisa. Zinakodi njia kupitia Kenya na Tanzania, na kwa sababu hiyo zimejifunza mapema kununua pande zote mbili.

Mkongo wenyewe ukiuona hutaamini kama ndio unaosimamisha ofisi za nchi nzima. Kwenye kina kirefu unene wake ni sawa na mpira wa kumwagilia bustani. Nje kuna plastiki, chini yake bomba la shaba linalopeleka umeme kwenye vikuza-ishara vilivyopangwa sakafuni mwa bahari, kisha nyuzi za chuma za kuufanya ustahimili kuvutwa, na katikati kabisa, zikiwa zimelowekwa kwenye grisi laini, nyuzi chache za kioo. Hizo nyuzi za kioo peke yake ndizo zinazobeba barua pepe, miamala na sinema; vingine vyote ni vya kuzilinda. Karibu na pwani huongezwa deraya ya chuma, maana huko ndiko waliko wavuvi na meli zinazotia nanga. Duniani hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, nyingi zikisababishwa na nyavu na nanga wala si papa au majasusi. Kutengeneza ni kazi ya meli maalumu. Inayojulikana zaidi upande wetu ni Léon Thévenin, yenye kituo Cape Town: hufika eneo la hitilafu, hushusha ndoano hadi sakafuni, huupandisha mkongo sitahani, fundi hukata palipoharibika na kuunga nyuzi moja baada ya nyingine, hupima, kisha hurudisha majini. Bahari ikichafuka hungoja. Na meli za namna hiyo ni chache, hivyo hata nchi yenye fedha mkononi hupanga foleni.

Sasa tupande mlimani.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni ni kilomita 30 na ushei za kona. Mawasiliano nayo hupanda na kushuka kwa shida hiyo hiyo. Minara ya milimani huunganishwa ama kwa faiba ama kwa mawimbi ya redio kutoka mnara mmoja hadi mwingine, kisha yote hushuka uwandani kuufuata Mkongo wa Taifa kuelekea Dar es Salaam. Kwa hiyo mteja wa hapa ana sehemu mbili za kukatikiwa. Ya kwanza ni yetu wenyewe: masika ikibomoa kingo za barabara, au umeme ukikatika mpaka betri za mnara zikaisha, utabaki bila mtandao hata kama bahari ni shwari. Ya pili ndiyo ya baharini. Dawa ya moja si dawa ya nyingine, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela.

Chukua mwenye gesti. Alipata hasara Mei 2024, akaapa haitarudia, akanunua laini ya mtandao wa pili na ruta ya pili. Amefanya vizuri kwa hitilafu ya mnara, maana mitandao miwili mara nyingi ina minara tofauti. Lakini kama mitandao yote miwili inatoka nchini kwa mkongo ule ule, siku ya bahari atakuwa na ruta mbili zenye taa ya kijani na hakuna hata moja inayofungua ukurasa wa mgeni kutoka Ujerumani. Taa ya kijani inakwambia tu kwamba ruta imeuona mnara. Habari za bahari haina.

Namna ya kutofautisha hitilafu hizo mbili ni rahisi na haihitaji fundi. Kama simu ya kawaida haipigi na menyu ya pesa haifunguki, tatizo liko mlimani. Kama simu inapiga, menyu inafunguka, tovuti zenye seva zao hapa nchini zinakuja lakini za nje zinagoma, tatizo liko mbali. Tovuti za ndani huendelea kwa sababu watoa huduma wa hapa hubadilishana data Dar es Salaam kwenye kituo cha TIX kilichoanza 2004, bila kuvuka maji. Video nyingi maarufu nazo huwekewa nakala karibu na watumiaji, ndiyo maana wakati mwingine YouTube inacheza huku barua pepe ya ofisi imekufa. Barua pepe hiyo, pamoja na programu nyingi za kiofisi, huishi kwenye vituo vya data vya Johannesburg, Cape Town au Ulaya.

Upande wa miamala niseme kidogo, kwa sababu hapa mtu anaweza kuokoa siku nzima bila kulipa hata senti. Programu ya simu hutumia intaneti. Menyu ya nyota na reli haitumii. Siku ya hitilafu, kwenye kibanda cha wakala utasikia mazungumzo ya aina hii:

"Kaka, hii programu imegoma tangu asubuhi, hela ya watu wa Kariakoo ntaitoaje?"

"Achana nayo, mama. Piga nyota mia na hamsini, nyota sifuri sifuri, reli."

Kwa M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas *150*01#, HaloPesa *150*88#. Waliozoea programu husahau tarakimu hizi, na wengine hawakuwahi kuzijua. Ziandike ukutani dukani. Dalali wa mboga anayepiga simu Dar kuuliza bei ya kabichi na kupokea malipo kwa menyu hahitaji kutumia shilingi moja zaidi kujikinga na bahari.

Tuje kwenye bei. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweka mipaka: MB moja isiuzwe chini ya shilingi 2.03 wala juu ya shilingi 9.35. Chukua hizo kama rula ya kupimia. Ukihesabu GB moja kuwa MB 1,000, mpaka wa chini ni shilingi 2,030 na wa juu ni shilingi 9,350. Kifurushi chochote unachouziwa leo, gawa bei kwa idadi ya MB uone kimeangukia wapi. Utashangaa mara ngapi bando la buku la saa 24 ni ghali kwa MB kuliko la wiki. Kwa mtu anayejikinga na hitilafu, bando la saa 24 lina kasoro nyingine kubwa zaidi. Mtandao ukisimama kuanzia saa 3 asubuhi hadi usiku, saa zinaendelea kuhesabu. La wiki au la mwezi humeza hitilafu ya siku moja bila kuisha. Utaratibu ule ule wa 2021 ulitoa pia nafasi ya kuendelea na MB zilizobaki endapo utanunua kifurushi hicho hicho kabla cha kwanza hakijaisha muda, na ya kumhamishia mwingine. Watu wachache wanaitumia, wakati siku ya mtandao mbovu ndiyo hasa siku yake: nunua tena kabla saa haijafika, MB zako zisipotee. Ukiona umenyimwa, kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, na kazi yake ni kupokea malalamiko ya namna hiyo.

Laini ya pili basi. Kwa mpaka wa chini, GB moja kila wiki ni shilingi 2,030, yaani 8,120 kwa wiki nne. Kwa mwalimu, kwa mwanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama anayepakua hukumu na majarida, kwa mwenye duka la vifaa, hiyo ni bima ya haki. Sharti ni moja: usichague laini ya pili kwa ofa, chagua kwa njia. Uliza mambo mawili. Kwanza, mnara unaonihudumia hapa ni tofauti na wa laini yangu ya kwanza? Uliza Magamba, uliza Mlalo, uliza Mtae, majibu hayatafanana, kwa sababu mgongo mmoja wa mlima unaweza kuufunika mnara mzima. Pili, mtandao huu una njia ya kutoka nchini kupitia Kenya? Muuza laini wa kijiweni hatajua, na si kosa lake. Ofisi ya wateja wa biashara ya kampuni hiyo itajua, na mwenye hoteli anayelipa kila mwezi ana haki ya kuuliza kwa maandishi.

Kwa nini Kenya? Tazama ramani. Kwa mstari ulionyooka Lushoto iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar es Salaam: kilomita 170 na kitu dhidi ya karibu 250. Mkongo wa Taifa unavuka kuingia Kenya kwenye mipaka kadhaa, ukiwemo wa Horohoro, mkoani kwetu Tanga, upande wa pili ukiwa ni barabara ya Mombasa yenye ile mikongo yote niliyoitaja. Kwa mtu wa Lushoto, mlango wa nyuma wa intaneti uko karibu kuliko wa mbele. Kampuni iliyokodi nafasi ya kutosha kupitia mlango huo kabla ya hitilafu ina thamani kuliko kampuni yenye spidi kubwa kwenye tangazo. Neno muhimu ni "kabla". Kukodi siku ya hitilafu, wakati kila mtu anagombea nafasi hiyo hiyo, ni kama kutafuta basi la Dar Desemba 23, na bei huwa hivyo hivyo.

Mtandao kama Halotel, uliokuja 2015 na kujitandazia faiba yake vijijini, unaweza kumfaa mtu wa kata za ndani kwa sababu ya minara na njia zake za nchi kavu. Usichanganye na habari ya bahari. Njia ya nchi kavu ikiwa yake mwenyewe, mkongo wa kutoka nchini unaweza kuwa ule ule wa wenzake.

Kuhusu faiba ya nyumbani, TTCL ina huduma ya Faiba Mlangoni Kwako, na pale ilipofika hakuna kinachoishinda kwa bei ya kila GB, maana hulipi kwa GB. Gesti yenye vyumba 10, shule, ofisi ya utalii wa kupanda milima: anzeni hapo kama nguzo zimefika mtaani kwenu. Lakini faiba ni mkataba wa mwezi na ni njia moja. Mwenye faiba bado anahitaji laini ndogo ya mtandao mwingine. Asinunue kifurushi kikubwa, anunue kinachotosha kujibu barua za wageni na kupokea malipo. Simu ya video ya saa moja inaweza kula kuanzia nusu GB hadi GB moja na nusu; ujumbe wa maandishi wa siku nzima haufikishi hata sehemu ndogo ya hapo. Siku ya hitilafu andika, usipige video. Utakuwa umejipunguzia gharama, na njia nyembamba iliyobaki itakubeba.

Mbali na wembamba, urefu wa njia nao una hesabu yake. Mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za mkongo huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Njia ya Bahari ya Shamu hadi kusini mwa Ufaransa ni fupi. Ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ni karibu maradufu. Hivyo hata pale kampuni inapojitahidi na kurudisha huduma, mazungumzo ya video na Ulaya yatakuwa na pengo: unaongea, unanyamaza, mwenzako anaanza kabla sauti yako ya mwisho haijafika. Kununua Mbps nyingi zaidi hakuondoi hilo. Anayekuuzia spidi kama dawa ya pengo hilo anakuuzia bidhaa usiyoihitaji.

Imebaki setilaiti, ambayo kila kikao cha wenye hoteli huishia kuitaja. Wakati mikongo inakatika Mei 2024, huduma ya setilaiti ya Starlink ilikuwa inauzwa kihalali Kenya, Rwanda, Msumbiji na Malawi, Tanzania ikiwa nje ya orodha. Ukisimama Mtae siku isiyo na ukungu unaona uwanda wa Mkomazi na kwa mbali nchi ya Kenya, ambako sahani ya Starlink imeruhusiwa tangu Julai 2023. Huku juu ya ukingo, kuifunga bila idhini ya TCRA ni kosa. Sipendekezi kuivusha kwa magendo. Zaidi ya sheria, ni mzigo wa laki kadhaa usio na dhamana wala pa kulalamika ukiharibika.

Bei za Kenya, hata hivyo, zinafaa kwa kulinganisha. Mwaka 2024 kifurushi cha GB 50 kilitangazwa kwa shilingi 1,300 za Kenya kwa mwezi, kisicho na kikomo kwa 6,500, na sahani ndogo kwa 27,000. Shilingi moja ya Kenya tuihesabu kwa 20 za kwetu: 26,000, 130,000 na 540,000. Gawanya bei ya sahani kwa miaka 2, unapata 22,500 kwa mwezi. Jumlisha kifurushi, 48,500 kwa GB 50, yaani shilingi 970 kwa GB. Kwa mpaka wa chini wa TCRA, GB 50 hizo hizo ni shilingi 101,500. Anayetumia GB 50 kila mwezi angeokoa zaidi ya nusu. Anayetumia GB 8 angelipa zile zile 48,500 kwa kitu ambacho laini ya simu ingempa kwa 16,240. Wengi wetu tuko kwenye kundi hilo la pili, hata tukipenda kujiona kwenye la kwanza.

Je, setilaiti inakwepa bahari? Kwa sehemu. Sahani hutuma data angani, setilaiti huirudisha kwenye kituo cha ardhini, na kutoka kituoni data huingia kwenye mikongo kama yetu sote. Kwa wateja wa Kenya, tangu Januari 2025 sehemu hiyo ya kuingilia iko Nairobi. Kwa hiyo faida yake kubwa ni ya mlimani, kukwepa minara na faiba za njiani. Faida ya baharini inategemea Nairobi imeunganishwa na mikongo mingapi iliyo hai. Nayo hujaa: mwishoni mwa 2024 Nairobi na kaunti za jirani zilisitishiwa wateja wapya kwa kukosa nafasi. Kwa Lushoto ongeza na miti. Sahani inataka anga wazi, na gesti iliyo bondeni Soni chini ya mikaratusi haitaiona hata nusu. Setilaiti za zamani, zile za kilomita 36,000 angani, hufanya kazi kokote lakini huchelewesha mazungumzo kwa zaidi ya nusu sekunde. Hizo waachieni hospitali na mashirika.

Kuna jambo ambalo hakuna laini ya pili inayoliponya. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa za uchaguzi; bahari haikuhusika, na mwenye laini nne alikuwa sawa na mwenye moja. Usiweke matumaini ya bajeti yako ya akiba huko.

Mikongo inaongezeka. 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000, umetua Dar es Salaam chini ya Airtel, ingawa sehemu yake ya Bahari ya Shamu imecheleweshwa na hali mbaya ya usalama wa huko. Septemba 2025 mikongo mingine ilikatika karibu na Jeddah. Kwa hiyo ukisikia mkongo mpya, uliza unaelekea wapi. Mkongo wa tatu unaopita mlango ule ule wa bahari unaongeza nafasi, si njia.

Ningekuwa na gesti Lushoto na hela ya kutumia ni shilingi 100,000 kwa mwezi, ningeitoa hivi: sehemu kubwa kwenye faiba au ruta ya laini yenye mnara mzuri, 10,000 kwenye laini ya kampuni iliyonijibu kwa maandishi kwamba inatoka pia kupitia Kenya, na inayobaki kwenye betri ya kuwasha ruta umeme ukikatika, maana umeme wa TANESCO hukatika mara nyingi kuliko mikongo ya bahari. Kila mwezi, siku moja, ningezima laini ya kwanza makusudi na kufanya kazi kwa ya pili tu, nione kama ukurasa wa wageni unafunguka na kama malipo yanaingia. Mkulima wa Shume ningemwambia asinunue chochote. Awe na vocha ya kupigia simu na tarakimu za menyu kichwani, hela ya bando akanunue dawa ya ukungu wa viazi.